Kumlesha mtoto mdogo kwa chakula cha mimea pekee: B12 kwanza, sufuria baadaye

Chakula cha mtoto wa Tanzania au Kenya tayari ni mimea kwa sehemu kubwa: uji wa ulezi, maharage, ndizi, viazi vitamu, mchicha, karanga, parachichi. Familia inayoacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa, iwe kwa imani au kwa huruma kwa wanyama, inaondoa vitu vichache tu mezani. Lakini hivyo vichache, yai moja, kikombe cha maziwa, dagaa waliosagwa, ndivyo vinavyoziba mapengo ya uji mwepesi na ugali. Ukiviondoa bila kuweka kitu mahali pake, mtoto wa miaka miwili ataumia mapema kuliko wewe, kwa sababu anakua kwa kasi na tumbo lake ni dogo.

Wataalamu hawana kauli moja. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilisema mlo wa mimea pekee uliopangwa vizuri unafaa umri wote, wachanga wakiwemo. Mwaka huohuo chama cha lishe cha Ujerumani kilisema hakiupendekezi kwa wachanga, watoto, wajawazito wala wanaonyonyesha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu chakula cha nyongeza unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku. Tunayaeleza haya mapema ili usishangae muuguzi wa kliniki akikunja uso. Jambo moja halina ubishi kwa yeyote kati yao: bila vitamini B12 ya nyongeza, mlo huu haufai kwa mtoto.

Kwa hiyo usianze kabla ya kujua B12 utaipata wapi na kwa bei gani, mwezi huu na mwezi ujao. Kama upatikanaji wake ni wa kubahatisha, mpe mtoto mayai na maziwa. Na kama mtoto alizaliwa njiti, ana uzito mdogo, amewahi kuwa na utapiamlo au anatibiwa ugonjwa wa muda mrefu, zungumza na daktari kabla ya kumwondolea chochote.

B12

Vitamini hii hutengenezwa na bakteria na hutufikia kupitia vyakula vya wanyama. Mimea haina. Uyoga hauna ya kutegemewa, togwa haina, udongo uliobaki kwenye mboga hauna, na ile inayotajwa kwenye spirulina (unga wa mwani) kwa sehemu kubwa ni kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili hauwezi kukitumia.

Mahitaji ni madogo mno: mikrogramu 0.5 kwa siku kwa mtoto wa miezi 7 hadi 12, na 0.9 kwa wa mwaka 1 hadi 3. Dozi ya nyongeza huwa kubwa zaidi, kwa kawaida mikrogramu 5 kila siku kuanzia miezi 6 hadi miaka 3, kisha 25 kwa siku kuanzia miaka 4. Sababu ni kwamba utumbo hupokea kiasi kidogo tu kwa mara moja, na kinachozidi hapo hupenya takriban asilimia 1. Ndiyo maana pia anayemeza mara chache kwa wiki huhitaji dozi kubwa kuliko anayemeza kila siku. Mama anayenyonyesha naye anahitaji yake: mikrogramu 50 kila siku, au 1000 mara mbili kwa wiki. Akiacha, maziwa yake yanaweza kuwa na B12 kidogo sana huku yeye mwenyewe hajisikii vibaya, kwa sababu ini la mtu mzima huweka akiba ya miaka. Mtoto hana akiba hiyo.

Dukani, soma kibandiko mwenyewe. Tafuta neno sianokobalamini (au “B12”) na kiasi chake. Sirapu nyingi za “B kompleksi” zina B1, B2 na B6 bila B12, au zina chembe tu. Angalia pia kipimo: mcg au µg ni mikrogramu, mg ni miligramu, na miligramu 1 ni mikrogramu 1000. Vidonge vya watu wazima vya maumivu ya neva vina B1 na B6 kwa wingi pamoja na B12. Hivyo si vya mtoto. Kidonge cha B12 pekee kinaweza kusagwa kikawa unga laini na kuchanganywa kwenye kijiko cha kwanza cha uji. Usikitie kwenye bakuli zima, maana akiacha nusu ya uji utakuwa hujui amepata kiasi gani.

Unga wa viwanda vikubwa ulioongezwa virutubishi, Kenya na Tanzania, una B12 kidogo. Unga wa mashine ya mtaani hauna. Kwa hali zote mbili, endelea na matone au kidonge cha B12.

Ukosefu wake kwa mtoto hujitokeza hivi: alikuwa anakaa sasa hakai, alikuwa anatabasamu sasa anatazama tu, amelegea, anakataa chakula, anatetemeka midomo au mikono. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, na mweleze daktari waziwazi kwamba mtoto (au mama anayemnyonyesha) hali chakula cha wanyama, kwa sababu neva zikichelewa kutibiwa huenda zisirudi kamili. Usijitulize kwa kipimo cha damu peke yake. Mchicha na maharage vina foleti (vitamini nyingine ya kujenga damu) nyingi, na foleti inaweza kuficha upungufu wa damu wa B12 wakati neva zinaendelea kuharibika.

Maziwa, kabla na baada ya mwaka mmoja

Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama pekee, kisha kunyonya kuendelee hadi miaka 2 au zaidi. Kwa familia isiyotumia maziwa ya ng’ombe, kila mwezi wa ziada wa kunyonyesha una thamani kubwa. Mama asiyeweza kunyonyesha atumie maziwa ya kopo ya watoto yaliyotengenezwa kwa soya (yawe ya wachanga hasa, na daktari ajue, hayafai kwa njiti). Maziwa ya soya ya kusaga nyumbani, tui la nazi, maziwa ya lozi na maji ya uji hayawezi kuchukua nafasi hiyo, hata kwa wiki mbili za kuvuka. Watoto wameshalazwa mahututi kwa kulishwa hivyo.

Baada ya mwaka mmoja, kinywaji cha soya cha boksi kisicho na sukari na kilichoongezwa kalsiamu kinaweza kutumika. Kitikise vizuri kabla ya kumimina, kwani kalsiamu hutuama chini. Tui la nazi ni mafuta mazuri ya kupikia mboga, lakini halina protini ya maana wala kalsiamu. Kinywaji cha mchele kisitolewe kabla ya miaka 5 kwa sababu ya aseniki, sumu inayopatikana kwenye mchele.

Tumbo dogo linataka uji mzito

Hapa ndipo wengi hukwama, hata waliokwishajua habari za B12. Mtoto anayenyonya anahitaji kutoka kwenye chakula takriban kilokalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na 550 akiwa na mwaka 1 hadi 2. Tumbo lake hubeba karibu mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtoto wa kilo 10 hujaa kwa mililita 300. Uji uliopikwa kwa kijiko kimoja cha chakula cha unga kwa kikombe cha maji una kilokalori 35 hivi. Atakunywa kikombe kizima, atashiba, atalala, na hatakuwa amekula.

Uji wa mlo mmoja kwa mtoto aliyetimiza mwaka uwe hivi: unga wa ulezi vijiko 3 vya chakula (gramu 30 hivi), maji kikombe 1 cha mililita 250, karanga zilizosagwa laini kabisa bila chumvi wala sukari kijiko 1 cha chakula, mafuta kijiko 1 cha chai. Jumla inapita kilokalori 200, na ulezi huo unaleta karibu miligramu 100 za kalsiamu, jambo ambalo sembe haliwezi. Wa miezi 7 au 8 apewe nusu yake.

Vuruga unga kwa robo ya maji yakiwa baridi. Maji yaliyobaki yakichemka, mimina mchanganyiko huku ukikoroga, na upike kwa moto mdogo dakika 10. Legeza karanga kwa maji ya moto kidogo, tia, pika dakika 3 nyingine, epua, tia mafuta. Ukigeuza kijiko, uji ubaki kwenye kijiko kwa muda kabla ya kudondoka.

Mtoto wa miezi 7 hadi 9 mara nyingi hawezi kumeza uji mzito hivyo, na mama huongeza maji. Usiongeze maji, tumia kimea. Unga wa ulezi uliooteshwa una kimeng’enya kinachovunja wanga, na kijiko kimoja cha chai hulainisha bakuli la uji mzito bila kupunguza lishe. Uji ukiiva, uache upoe dakika 5 hivi, uwe wa moto lakini usiochemka. Tia kimea, koroga, subiri dakika 5 hadi 10, utauona unalegea. Kisha urudishe motoni uchemke tena, kwa kuwa kimea kibichi hubeba vijidudu. Ukiona haulegei, sababu huwa mojawapo kati ya hizi: ulikitia uji ukiwa unachemka na kimeng’enya kikafa, au kimea kilikaushwa kwa moto mkali, au kimekaa miezi mingi.

Kutengeneza kimea si kazi kubwa. Osha ulezi nusu kilo, loweka usiku mzima, chuja, tandaza juu ya kitambaa safi chenye unyevu, funika. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 2 au 3 hadi vichipukizi vifikie urefu wa punje au kuzidi kidogo. Anika juani hadi zikauke kabisa, sugua kwa viganja vimizi vidondoke, pepeta, saga. Ukiona utando wa kijivu, kijani au mweusi, mwaga zote. Usitumie mtama kwa kazi hii: vichipukizi vya mtama vina kitu kinachotoa sianidi.

Unga wa lishe unaouzwa tayari, wenye mahindi, ngano, mchele, soya, karanga na nafaka nyingine sita ndani ya mfuko mmoja, hatuupendi kwa mtoto wa mwanzo. Karanga zikishasagwa pamoja na unga huchacha mafuta ndani ya wiki chache. Soya mara nyingi huwa haijaiva, na soya mbichi huzuia mwili kumeng’enya protini. Na mtoto akitoka vipele hutajua ni kipi kati ya hivyo vyote. Saga nafaka moja au mbili, weka karanga kando, changanya jikoni. Ukitaka soya ndani ya unga, itumbukize kwenye maji yanayochemka, ichemke dakika 30, ondoa maganda, ikaushe, ikaange kidogo, ndipo uisage. Sehemu 1 ya soya kwa sehemu 3 za ulezi.

Kuna hatari nyingine ambayo familia za mimea pekee zinaibeba zaidi kuliko wengine: sumukuvu. Hutokana na ukungu, na mahindi na karanga ndivyo vinavyoathirika zaidi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kwa kiasi kidogo cha kila siku huliumiza ini bila dalili za haraka. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuimalizi. Nunua karanga nzima, usinunue zilizosagwa ambazo hukuziona. Chambua moja moja na utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye uchungu, kisha ondoa maganda mekundu. Kwa mahindi, sembe huwa na sumukuvu kidogo kuliko dona la mahindi hayohayo, kwa kuwa pumba ndiyo hubeba nyingi. Badilisha nafaka: ulezi leo, mchele kesho, mahindi keshokutwa.

Dona tupu kila siku lina kasoro nyingine kwa mtoto. Nyuzi zikizidi humjaza kabla ya kupata nguvu ya kutosha na hufunga zinki na chuma. Mtu mzima anayejali afya hukimbilia dona na mchele wa kahawia. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kula wali mweupe bila wasiwasi wowote.

Maharage, choroko na wenzake

Nafaka zina upungufu wa lisini (sehemu mojawapo ya protini), jamii ya kunde inayo kwa wingi. Ndiyo sababu wali kwa maharage huleta protini kamili. Kwenye sahani ya mtoto weka sehemu 2 za wali, ugali au ndizi kwa sehemu 1 ya kunde iliyoiva. Mahitaji ya mwaka 1 hadi 3 ni gramu 13 za protini kwa siku; lenga 15 hadi 17 kwa kuwa ya mimea haimeng’enywi yote. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 7 hivi, kijiko cha chakula cha karanga gramu 4. Pamoja na uji na maziwa ya mama, hesabu inafika bila unga wa protini wa dukani.

Anza na choroko (Wakenya huziita ndengu) au adesi za kukobolewa, huiva upesi na hazijazi gesi sana. Maharage yalowekwe saa 8 hadi 12, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yaliyopikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo yanabaki na sumu inayotapisha. Yakiwa tayari, punje iponde kwa vidole viwili bila nguvu. Kwa miezi 6 hadi 8 yapitishe kwenye chekeche, maganda yabaki juu. Baada ya hapo yaponde kwa uma tu. Usitie magadi. Yanaivisha haraka, kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza chumvi ambayo figo za mtoto hazihitaji.

Karanga zianze mapema, karibu na miezi 6, zikiwa uji laini. Mara ya kwanza mpe robo kijiko cha chai, mchana, mtoto akiwa mzima, na umwangalie kwa saa mbili. Mwenye ukurutu mkali amwone daktari kwanza. Karanga nzima, bisi na mahindi ya kuchoma visimkaribie kabla ya miaka 5. Hupalia na kuziba njia ya hewa.

Chuma

Akiba aliyozaliwa nayo huisha karibu na miezi 6, wakati ambapo mahitaji hupanda hadi miligramu 11 kwa siku. Nusu kikombe cha maharage kina miligramu 2 hivi, na chuma cha mimea hufyonzwa kidogo. Kwa hiyo fanya mambo mawili kila mlo. La kwanza, vitamini C iwe mlo uleule: nusu chungwa, kipande cha papai, pera lililopondwa, embe, au limau lililokamuliwa kwenye maharage baada ya kuepua. Kijiko cha chai cha unga wa ubuyu kwenye uji uliopoa ni kizuri sana (ule mweupe wa asili, siyo ubuyu wa rangi na sukari). La pili, chai isiwepo. Si ya rangi, si ya maziwa ya soya, si ya kuchovya mkate. Chai hufunga chuma tumboni, na bado ni kawaida kumpa mtoto wa mwaka mmoja kikombe cha asubuhi.

Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza vizuizi vya chuma na zinki, hivyo uji wa kimea au wa kuchachuka una faida ya pili. Mchicha ni mboga nzuri, ila chuma chake hakitoki kirahisi. Juisi ya rozela na ya bitiruti ni nyekundu, lakini si tiba ya upungufu wa damu.

Kliniki ikikupa vipakiti vya virutubishi nyongeza, vichukue. Vya aina 15 ya virutubishi huwa na chuma miligramu 10, zinki miligramu 4.1, madini joto mikrogramu 90 na B12 mikrogramu 0.9. Nyunyiza kimoja kwa siku kwenye chakula kilichopoa kiasi cha kulika, kwenye vijiko vichache vya kwanza, na kiliwe ndani ya nusu saa. Usikipike. Kinyesi kitakuwa cheusi, hiyo ni kawaida. Chandarua na dawa ya minyoo vinahesabika hapa pia, kwa kuwa malaria na minyoo humaliza damu haraka kuliko lishe inavyoijenga. Vidonge vya chuma vya mama viwekwe juu, mahali pasipofikika: vichache tu vinaweza kumuua mtoto.

Yaliyobaki

Kalsiamu: lenga miligramu 500 kwa siku baada ya mwaka mmoja, kutoka maziwa ya mama, ulezi, sukuma wiki, kinywaji cha soya kilichoongezwa na ufuta uliosagwa. Ufuta mzima hupita ulivyo. Ya mchicha imefungwa na oksalati, kitu kinachozuia mwili kuifyonza. Sukuma wiki ni bora kwa hili. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri bila kufunikwa.

Vitamini D: jua lipo, lakini mtoto anayeshinda ndani ya ghorofa Nairobi au Dar es Salaam halipati, na matege huonekana hata huku kwetu. Matone ya yuniti 400 kwa siku mwaka wa kwanza, 600 baadaye. Kwa wanaoishi Ulaya au Amerika Kaskazini hayana mjadala. Matone mengi ya D3 hutokana na mafuta ya sufu. Yapo yanayotokana na kuvumwani (ukoga unaoota juu ya mawe na miti) kwa anayejali.

Madini joto: kabla ya mwaka mmoja hapaswi kutiwa chumvi, hivyo anayapata kwa maziwa ya mama anayetumia chumvi yenye madini joto. Baada ya hapo, chembe ya chumvi hiyo itiwe mwisho wa kupika, na pakiti ifungwe isipate unyevu wala jua. Usifanye mihogo kuwa chakula cha kila siku, kwani huzuia mwili kuyatumia. Mwani wa Zanzibar usiwe mbadala, kwa sababu kiasi chake hakitabiriki.

Mafuta: alizeti haina omega-3 ya maana. Pikia ya soya, na ongeza kijiko kimoja cha chai cha chia iliyosagwa na kulowekwa. Mafuta mekundu ya mawese, kama ya Kigoma, yana vitamini A tele. Nusu kijiko kwenye viazi lishe au boga inatosha.

Siku moja ya mtoto wa miezi 15

Saa 1 asubuhi ananyonya, anapewa matone ya B12 na D. Saa 2 uji wa ulezi na karanga kama ulivyoelezwa, pamoja na papai. Saa 4 nusu parachichi ndogo iliyopondwa na ndizi mbivu. Saa 7 mchana wali laini nusu kikombe, maharage robo kikombe, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba na kupikwa kwa tui, kisha vipande vya chungwa. Saa 10 jioni kiazi lishe kilichopondwa na kijiko cha chai cha karanga. Saa 12 ndizi za kupika zilizopondwa na choroko, kijiko cha mafuta, limau. Ananyonya kabla ya kulala na usiku akitaka. Akiacha nusu ya sahani, usifidie kwa juisi. Mletee tena baada ya saa mbili.

Kliniki na siku za kuugua

Pima uzito kila mwezi na urefu kila inapowezekana. Kinachotazamwa kwenye kadi ni mwelekeo wa mstari: ukilala miezi miwili mfululizo, ongeza mafuta na mlo mmoja, na mpeleke akaangaliwe. Mzunguko wa mkono wa juu (kati ya bega na kiwiko) chini ya sentimita 12.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo, chini ya 11.5 ni mkali. Omba kipimo cha wingi wa damu karibu na mwaka wa kwanza na tena akifikisha miaka 2.

Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6 hadi mtoto afikishe miaka 5. Wazazi wengine hukataa kwa sababu kifuko chake huwa cha jelatini, ambayo hutoka kwa wanyama. Kifuko hakimezwi, muuguzi hukikata na kukamua mafuta yaliyomo. Chanjo zisikose. Usimfiche muuguzi mlo wa mtoto. Atasema dagaa na mayai, na yuko sahihi kwa kazi yake. Mwonyeshe chupa ya B12 na umweleze uji unaupikaje, aandike kwenye kadi.

Bibi au dada anayekaa naye mchana apewe maelekezo ya aina mbili tu, yaandikwe: dozi ya matone, na vitu vya kupalia asivyopewa. Safari ikizidi siku tatu, matone yaende na mtoto.

Akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Punguza maharage yenye maganda, tumia wali laini, ndizi na choroko iliyochujwa. Akishapona, ongeza mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, na umpime uzito tena mwishoni mwa wiki hizo.